Kulifuata Ua la Fundi Athmani

Tangu nirudi, sijakaa barazani nikanywa kahawa kwa amani. Swaleh, ulikwenda kutafuta nini? Swaleh, mbona ulitoka na mfuko wa burashi ukarudi na matope mpaka masikioni? Swaleh, na ile mihrabu mbona imekuwa vile? Nimejibu mpaka ulimi umeota sugu, na kila nikijibu nafupisha zaidi, hata sasa jibu langu limebaki kuguna tu. Basi nimekaa nikaandika. Anayetaka kujua asome, na asiyetaka kusoma asinisimamishe njiani nikitoka sokoni na samaki wangu.

Kabla ya kutoka Shella

Wengi wenu mwanijua. Mimi ni mwandika mabango wa hapa Shella, Malindi. Naandika majina ya maduka na ya mabasi, "Mbwa Mkali" kwenye mageti ya Wataliano, na "Usikojoe Hapa" kwenye kuta ambazo hunuka vilevile baada ya kuandikwa. Kazi nilifundishwa na Mhindi mmoja aliyekuwa na karakana karibu na soko la zamani. Sikufundishwa na baba, kwa sababu baba alikufa mimi bado natambaa, na hakuniachia hata burashi moja.

Lakini nimetoka katika nyumba ya watu wa rangi. Fundi Athmani, ambaye wazee wakimtaja hushusha sauti kidogo, alikuwa baba wa babu yangu. Aliishi karne ya kumi na tisa, zama za masultani, na husemwa kwamba hapakuwa na nyumba ya maana tangu Takaungu hadi Mambrui ambayo hakuitia mkono. Alipaka boriti za dari, mashubaka ya ukutani, vichwa vya vitanda na mihrabu za misikiti. Alama yake ilikuwa ua la petali nane, lenye shina linalopita chini ya ua la jirani na kuibuka upande wa pili, hata jicho lisijue lianzie wapi. Waliokuja baada yake wote walimwiga. Wanaowapaka hina mabibi harusi hapa Malindi mpaka leo huanza na ua hilo bila kujua lilitoka mkononi mwa nani. Ila kila mmoja hulichora apendavyo, na ukiwaweka mabibi harusi kumi mstari mmoja utapata maua kumi.

Lile lenyewe, kwa imani ya watu wa mtaa wetu, lilikuwa kwenye mihrabu ya msikiti wetu mdogo. Masika ya mwaka ule wa safari yangu dari ilivuja, na plasta ikaanguka yote isipokuwa kipande cha chini kushoto. Kilibaki kishina na petali mbili na nusu. Wakati huohuo mtu mmoja mwema aliyetajirika Mombasa alikuwa ameuletea msikiti marumaru za kung'aa, za rangi ya samawati, na maboksi yake yakawa yamekaa kibarazani yanangoja. Mzee Abubakari, msimamizi wa msikiti, akaniita baada ya swala ya alasiri.

"Swaleh, wewe ni kitukuu chake," akaniambia. "Nenda katafute mahali ua la Fundi lilipobaki zima, ulinakili, uje ulirudishe hapa. Mpaka Ijumaa ya kabla ya Maulidi. Ukilileta, ukuta ni wako. Usipolileta, tutabandika hizi marumaru na tumshukuru aliyezitoa."

Nisiwafiche. Niliutaka ukuta ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote tangu kuoa. Umri wangu wote maandishi yangu yamesimama juani yakingoja kufutwa na mvua. Nilitaka kitu kimoja changu watu wakielekee wakiwa wametulia.

Kivukoni Kilifi

Mtu mmoja aliniambia Takaungu kuna nyumba yenye boriti za Fundi, kwa hiyo nilianzia huko. Basi lilitushusha Kilifi, na kivuko kilikuwa kimekufa. Kimesimama ng'ambo ya pili, twakiona, na mafundi wamejikunyata juu yake wakizungumza. Wasafiri walijipanga, wakajipangua, wakaanza kuuziana vitu. Mimi nilinunua korosho. Ziliponiishia nikanunua nyingine, maana kungoja kuna njaa yake.

Kando yangu alikaa kijana mwalimu kutoka bara, mpole, amevaa tai katika joto lile. Aliniuliza naenda wapi nikamweleza habari za Fundi Athmani tangu mwanzo, na alinisikiliza kwa makini sana. Nilipomaliza akafikiri.

"Sasa mzee," akasema, "si ungempigia tu simu huyo fundi aje mwenyewe? Takaungu simu iko."

Nikamwambia amekwisha kufa, miaka mingi. Alinipa pole kwa uchungu wa kweli, akanikamata mkono, akauliza kama mazishi yamefanyika. Sikuwa na nguvu ya kuanza upya. Nilisema yalifanyika vizuri, na akaonekana kuridhika.

Kivuko kilizinduka jua likiwa limeshapinda. Niliposhuka ng'ambo korosho zilikuwa zimeanza kunidai.

Takaungu

Kutoka barabara kuu mpaka mjini nilikwenda kwa miguu, tumbo mbele, mimi nyuma yake. Aliyenipokea ni Bwana Khamisi, mpika halua, mtu mnene mcheshi ambaye marehemu babu yake alikuwa mwanafunzi wa Fundi. Nikamwambia tumbo langu si zuri. Akasema dawa yake ni halua ya moto na kahawa chungu. Msafiri hana uamuzi, nikala. Baada ya hapo sikutoka nyumbani kwake, nilikuwa mtu wa kitandani na uani, uani na kitandani, na yeye alinihudumia kama ndugu yake wa tumbo moja. Mungu amlipe, ila halua yake sitaigusa tena.

Nilipoweza kusimama alinipeleka kwenye ile nyumba. Ilikuwa gofu. Dari ilishaanguka siku nyingi, na boriti zilikuwa zimefanywa uzio wa zizi la mbuzi. Tulizikagua moja moja, mbuzi wakitutazama. Kwenye ya mwisho tukaona wekundu, upana wa kiganja, umeganda kwenye mti kama damu ya nyama iliyokauka. Nikaweka kidole. Ndipo nilipomgusa kwa mara ya kwanza mtu ambaye nimesikia jina lake tangu utotoni, na sikuona haya kuusugua ule wekundu kwenye kanzu yangu.

Jioni ile Bwana Khamisi alinisimulia mambo ambayo kwetu hayakuwahi kusimuliwa. Fundi aliletwa huku mtoto kutoka Siu, visiwani kaskazini, na baba yake alikuwa mtu wa kupamba misahafu. Baba alimkataza kugusa wino kwa sababu mkono wake ulikuwa mpana, ukimwaga. Mtoto akaingia jikoni, akachukua masizi na manjano, akapaka ukuta wa uani, akachapwa, akapaka tena. Alipokua hakuwahi kugusa karatasi. Na alikuwa mkali. Tajiri mmoja alimwambia aongeze maua zaidi, kwa kuwa alikuwa amelipia chumba kizima. Fundi akashuka ngazini, akanawa mikono, akaenda zake, na kile chumba kikabaki nusu mpaka kilipobomoka.

"Boriti zimekwisha," akasema Bwana Khamisi. "Lakini Mambrui kuna ukuta, na huo uko hai. Nyumbani kwa Bi Mwanakombo. Nami nitakutangulizia habari, usije ukaingia nyumba ya watu kama mwizi."

Asubuhi yake alimsimamisha utingo wa basi la kwenda juu, akamwagiza nikiwa nasikia. "Ukifika Mambrui, mwambie Bi Mwanakombo kitukuu cha Fundi Athmani yuwaja kwa ajili ya ule ukuta. Umesikia? Kwa ajili ya ukuta." Nilimshukuru sana. Tumbo liliniweka pale siku mbili tatu zaidi, na ile habari ikanitangulia barabara.

Mambrui

Nilipita Malindi bila kushuka. Basi lilisimama karibu kabisa na kichochoro cha kwetu, na nilijua nikiteremka nitalala, nikilala sitaamka. Mbele ya daraja la Sabaki tulizuiwa, mto umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita na miti mizima, na askari anasema ngojeni. Tukangoja. Mama mmoja alitugawia mihogo ya kukaanga akatukataza kumshukuru. Maji yalipopungua tulivuka polepole, kila mtu akimwita Mungu kwa lugha ya kwao.

Kabla sijabisha hodi kwa Bi Mwanakombo nilisikia harufu ya chokaa mbichi. Nikadhani ni maandalizi ya Maulidi. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, mkeka mpya umetandikwa, watoto wameogeshwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi umefika. Tumekungoja mpaka tukasema mto umekuchukua. Kaa ule kwanza."

Bi Mwanakombo ni mwanamke mfupi, mkongwe, mwenye macho makali yasiyohitaji miwani. Mkwewe Fatuma, ambaye hudarizi kofia, akaleta wali wa nazi, mchuzi wa papa na achari ya maembe. Kwa watu waungwana huwezi kuuliza ulichokijia kabla ya kunawa. Nilikula nikilitazama pazia la mlango wa chumba cha ndani. Nilikuwa nimeshafika, Ijumaa ilikuwa bado, na ua lilikuwa nyuma ya pazia lile.

Akanyanyua pazia. Kilikuwa chumba chake cha kulala, cha kale, chenye ukuta mmoja mrefu mbele ya kitanda. Ukuta ulikuwa mweupe kama sanda, tangu juu hadi chini.

"Ua liko wapi, bibi?"

"Liko kwako," akasema. "Ama hukuja nalo?"

Niligeuka. Fatuma alikuwa nyuma yetu, ameshika ndoo yenye burashi ya makumbi ya nazi, chokaa ikiwa bado imemganda kwenye kucha. Walikuwa wamepaka juzi, mara tu waliposikia naja, na wakarudia jana ili iwe nyeupe zaidi.

"Bibi, nilikuja kulitazama. Nilikuja kulinakili."

"Kutazama?" Alinigeukia. "Watu wa nyumba yenu hawaji kwa ukuta huu kutazama. Wakija, sisi twapaka chokaa, wao watia ua. Ndiyo ada yetu tangu Fundi Athmani mwenyewe. Mama yangu akisimulia kwamba Fundi hakuwa akiingia mpaka ukuta uwe mweupe. Akisema, 'Lifuteni hilo, mimi si yule wa mwaka jana.' Akaja babu yako, tukapaka. Akaja baba yako, tukapaka."

"Baba yangu alifika hapa?"

"Mohamed? Kijana mwembamba, ana kikohozi. Alikuja nikiolewa, akatia ua lile, na chini ya ua lile nimeishi na mume wangu mpaka akafa." Akaonyesha weupe kwa kidole. "La Fundi Athmani liko chini ya la babu yako. La babu yako liko chini ya la baba yako. Ulikuwa wataka kunakili la nani?"

Nilikaa sakafuni. Watoto wakadhani ni adabu. Kitu pekee ambacho baba yangu alikiacha duniani, ukiniondoa mimi, kilikuwa ukutani mpaka juzi, na kilikuwa kimefutwa kwa heshima yangu. Nililia mbele ya wanawake wasionijua. Nikauliza kama ile chokaa yaweza kukwanguliwa. Nilikuwa najua jibu, na bado niliuliza.

"Ukikwangua yatoka yote pamoja mpaka mawe," akasema Bi Mwanakombo. "Kwani hujui kazi?"

"Mimi naandika mabasi, bibi. Sina ua."

Hapo alikasirika kwelikweli. Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Nimelifukia ua la harusi yangu kwa ajili yako, mwana wa Mohamed. Mimi kikongwe, nimebakiwa na ukuta ule, na nimesema, haya, damu ya Fundi yaja, na iwe. Wewe waniambia huna ua? Basi nimelifuta bure?"

Niliufungua mfuko wangu nikamwonyesha makopo ya rangi ya mafuta, nyekundu na nyeusi, ile ninayoandikia mabasi. Alilinusa kopo moja akalirudisha kama samaki aliyeoza.

"Rangi ya ukuta huu yachimbwa Marafa," akasema. "Nenda. Ukirudi utakuta chokaa mpya."

Marafa

Sitawachosha na njia, ingawa yenyewe ilinichosha mimi. Trekta la mtu mpaka Magarini, kisha baiskeli ya kupakizwa mpaka mnyororo ulipokatika, kisha miguu. Matope ya kule ni mekundu na hayaachi kiatu. Msafiri kafiri, walisema wa kale, na mimi siku ile nilikosa subira hata na kivuli changu.

Pale Nyari, penye bonde lililomeguka, nilipokewa na Mgiriama mmoja anaitwa Kazungu, ambaye huwaongoza wageni kwenda kutazama jua likizama. Alinipeleka ukingoni, akanionyesha pa kusimama, akarudi nyuma kwa heshima akiningojea nitazame. Mimi nikaanza kuteremka.

"Bwana, huko sipo pa picha!" akaniita.

Nikatoa kijiko na mifuko. Alinifuata mpaka chini, akasimama akinikodolea macho nikikwangua udongo mwekundu, halafu wa manjano, halafu ule mweupe wa pinki kidogo. Akaangua kicheko.

"Wazungu wachukua picha, wewe wachukua kilima chenyewe?"

Nilimweleza. Akasema nyanya yake alikuwa akiwasimulia mtu mmoja wa pwani, Muislamu, mwenye hasira, aliyekuwa akija kuchimba hapa na hapa, haridhiki, na kila udongo akiuonja kwa ulimi kabla ya kuutia mfukoni. Wakimwita kwa Kigiriama jina lenye maana ya mla ardhi. "Kwani wewe huonji?" akaniuliza.

Nikaonja. Ule niliokuwa nimeujaza kijiko kwa kijiko ulikuwa mchanga mtupu, unakwaruza meno. Kazungu akaonja pia, akatema, akanipeleka kwenye mpasuko mwingine. Tulionja mpaka tukapata ulio laini kama unga wa mtama, na midomo yetu ilikuwa myekundu kama ya watafuna tambuu. Kwa mara ya kwanza katika safari nzima nilicheka.

Mkewe Kadzo alitupikia sima na kunde za nazi. Kazungu akanisogezea kibuyu cha pombe ya mnazi, akakumbuka mimi ni Muislamu, akakiondoa haraka, akamtuma mtu apande akaniangushie dafu. Nililala pale. Nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao hata usingizi huuogopa.

Kurudi Mambrui

Nilipata lori la mahindi. Dereva wake, Musyoka, mtu wa Machakos, aliona burashi zangu akafunga breki kabla sijamaliza kupunga mkono.

"Wewe ndiyo ile fundi ya kuandika mabasi Malindi? Mzee, ingia. Lakini kwanza uniandikie gari."

Nilimwambia nina haraka, kuna ukuta unaningoja. Akasema hata yeye ana haraka, ndiyo maana anataka niandike upesi. Tukalisimamisha lori kando ya njia, nikaandika mbele, kwa ile rangi nyekundu iliyokataliwa: NITAFIKA TU. Musyoka alirudi nyuma, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, akasema herufi F imekonda. Nikainenepesha. Tulipoondoka mvua ikaanza, na mpaka Mambrui niliona wekundu ukichuruzika kwenye kioo.

Bi Mwanakombo alitimiza ahadi. Fatuma alipaka chokaa mpya kipande kwa kipande, nami nyuma yake, maana rangi ya udongo hushika chokaa ingali mbichi, ikikauka imekwisha, huwezi kubembeleza. Nilianza na kishina, nikakipitisha chini. Petali ya kwanza, ya pili, na ile nusu niliyoijua kutoka msikitini. Halafu nikafika mahali nisipopajua. Hapakuwa na la kutazama. Nikaupeleka mkono tu, na mkono ukaenda. Sikuwa naandika jina la mtu wala onyo. Niliogopa, na nilifurahi, na mabega yaliniuma, vyote kwa pamoja.

Petali ya saba nilipoichora mkono ulikuwa umechoka, ikatoka nyembamba, imekunja shingo. Nilitaka kuirekebisha lakini chokaa ilikuwa imeshanywa rangi. Nikageuka, nikamkuta Fatuma ameketi mlangoni na kitambaa cha kofia gotini, penseli mkononi, analichukua ua langu lote lilivyo.

"Usinakili hilo, lina kasoro," nikamwambia.

"Ndilo tulilo nalo, mjomba," akajibu bila kuinua uso. "Maua ya ukuta huu ndiyo twadarizi sisi wanawake wa Mambrui. Mamangu alidarizi la baba yako."

Bi Mwanakombo alikuja akasimama mbele ya kitanda chake. Alilitazama ua muda mrefu, mikono nyuma.

"Si zuri kama la baba yako," akasema. Nikakubali. Akaendelea kutazama. "Lakini ni la nyumba ile."

Nyumbani

Nilifika Shella kabla ya Ijumaa, lakini haikusaidia. Nilikwenda msikitini na matope yangu, nikawaambia wazee ukweli wote. Kwamba lile ua lenyewe halipo, kwamba Fundi alikuwa akilifuta kwa amri yake, kwamba hata la mihrabu yetu huenda lilikuwa la babu au la baba. Nikawaambia sasa ninalo langu, na naomba ukuta.

Mzee Abubakari alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na ubaya. "Swaleh," akasema, "tulikutuma ulete la Fundi Athmani. La Swaleh tunaliona kila siku kwenye mabasi." Wengine wakainamisha vichwa. Kesho yake fundi wa marumaru alikuja na mwiko wake, na zile petali mbili na nusu zikafunikwa kwa saruji. Nilisali nikizielekea marumaru hizo. Mihrabu yang'aa kama bafu la hoteli, na imam akirukuu ajiona. Niliumia, na ninaumia, mkitaka kujua. Ndiyo sababu ya kuguna kwangu.

Ningeishia hapo, lakini Idd iliyopita likatokea jambo, na hili naomba lisimfikie mwenyewe. Baada ya swala Mzee Abubakari alinishika mkono akanivuta kando, uso umemkunjuka. Alikuwa na kofia mpya. Akaivua, akaniwekea viganjani.

"Tazama darizi hii," akasema. "Nimeletewa zawadi kutoka Mambrui, imedariziwa nyumbani kwa huyohuyo Bi Mwanakombo wako. Hili sasa ndilo ua la Fundi Athmani. Lenyewe, halina shaka, mtu wa leo hawezi kubuni kitu kama hiki. Wewe ulikwenda mpaka kule, ukarudi ukatwambia halipo!"

Niliizungusha ile kofia polepole. Kishina kilipita chini kikaibuka upande wa pili. Nikahesabu petali. Ya saba ilikuwa nyembamba, imekunja shingo, na Fatuma alikuwa ameizungushia uzi kwa uangalifu kuliko nyingine zote. Niliinamisha uso juu yake, na mzee akadhani nimeona haya.

Nikamrudishia kofia yake kwa mikono miwili.

"Kweli, mzee," nikamwambia. "Sikulitazama vizuri."